Bastola Chini ya Nguo: Somo katika Sheria za Marekani juu ya Kuingia na Silaha Majumba ya Serikali na Maduka ya Watu

Amma baad. Katika mambo ambayo watu wetu wa pwani husikia nusu yake, na nusu ya pili wakaikamilisha kwa dhana, ni khabari ya silaha huko Marekani. Husemwa barazani ya kwamba katika nchi ile kila mtu huchukua bastola apendavyo, akaingia nayo dukani, na posta, na mbele ya hakimu, wala hapana wa kumwuliza. Wengine husema kinyume cha hayo, ya kwamba anayeonekana na silaha popote hufungwa. Maneno yote mawili si sahihi. Na lau yangekuwa ni mazungumzo ya baraza tu tusingeyashughulikia. Lakini leo vijana wetu wamekaa katika miji ile, wengine wana maduka yao, wengine ni wasimamizi wa misikiti, na kila mmoja katika hao yampasa ajue ni mlango gani ambao mwenye bastola iliyofichwa akiupita amevunja sheria, na ni mlango gani ambao kuupita ni haki yake mpaka mwenyewe amkataze. Somo letu ni juu ya milango hiyo.

Kwanza fahamu ya kwamba sheria za huko zagawanya uchukuzi wa silaha namna mbili: wa dhahiri, nao ni kuivaa kiunoni ikaonekana na kila mtu, na wa siri, nao ni kuificha chini ya koti au ndani ya mkoba. Mgawanyo huu sisi hautushangazi. Jambia la Kiomani huvaliwa mbele, juu ya kanzu, na mshipi uliotiwa fedha, ili lionekane. Ni pambo na ni cheo, na anayekutana na mwenyewe ajua aliye mbele yake ni nani. Kisu kilichofichwa kwapani si pambo wala si cheo, na mwenye kukificha ana jambo.

Wamarekani wa zamani walifikiri hivi hivi. Majimbo ya Kentucky na Louisiana yalikataza silaha za siri tangu mwaka 1813, na silaha ya dhahiri yakaiacha. Mahakama ya Louisiana mwaka 1850 ikaeleza sababu yake, ya kwamba anayetaka kujilinda kiume hujilinda waziwazi, na anayeficha huelekea kuvizia. Leo mambo yamepinduka. Baada ya watu 23 kuuawa kwa shambulio la tarehe 3 Agosti 2019 katika duka la kampuni ya Walmart mjini El Paso, jimbo la Texas, kampuni hiyo mwezi wa Septemba iliwaomba wateja wake wasiingie madukani na silaha za dhahiri, hatta katika majimbo yanayoruhusu. Waliokuwa na cheti na silaha zao zimefichwa haikuwagusa. Sababu ni kwamba mteja akiona bunduki karibu na rafu za sabuni hukimbia, asijue huyu ni mnunuzi au ni muuaji. Na asichokiona hakimkimbizi. Basi kilichokuwa aibu kimekuwa adabu, na kilichokuwa adabu kimekuwa aibu. Kwa sababu hii, silaha ya siri ndiyo iliyobaki kuwa mzozo mkubwa katika maduka na majumba ya watu wote.

Wala kukataza silaha mahali pa mkusanyiko hakukuanza Marekani. Mwaka 1328, katika zama za mfalme Edward III wa Uingereza, ilitolewa sheria iliyojulikana kwa jina la mji wa Northampton, ya kwamba mtu asiende na silaha mbele ya mahakimu wa mfalme, wala katika magulio na masoko. Mwaka 1686 mtu mmoja wa Bristol, Sir John Knight, alishtakiwa kwa sheria hiyo kwa kuingia kanisani na silaha, naye akaachiliwa. Shauri hili la kanisa moja, baada ya miaka zaidi ya mia tatu, mawakili wa Marekani wangali wakilivuta, hawa wakisema lathibitisha katazo na hawa wakisema lathibitisha ruhusa.

Na kwetu sisi yajulikana ya kwamba Mtume s.a.w. alimwamrisha mwenye kupita na mishale msikitini au sokoni aishike kwa ncha zake, isije ikamjeruhi Mwislamu. Tazama mahali palipotajwa: msikiti na soko, yaani nyumba ya ibada na mahali pa biashara. Hakumkataza kupita, bali alimtwika mwenye silaha dhamana ya usalama wa wasio nayo. Na mishale, tukumbuke, huonekana.

Asili ya mambo huko Marekani ni Rekebisho la Pili la Katiba yao, la mwaka 1791, linalotaja haki ya watu ya kuweka na kuchukua silaha. Walikhitilafiana muda mrefu ikiwa haki hiyo ni ya askari wa raia tu au ni ya kila mtu, mpaka Mahakama ya Juu ilipokata mwaka 2008, katika shauri la Heller, ya kwamba ni haki ya mtu binafsi kuwa na bastola nyumbani kwake kwa kujilinda. Lakini hakimu aliyeandika hukumu ile, Antonin Scalia, alitahadhari. Akasema isifahamiwe kuwa hukumu hiyo yatia shaka makatazo ya silaha katika mahali penye kuchungwa, kama vile skuli na majumba ya serikali. Maneno hayo yalikuwa ni ya kupita tu, na leo ndiyo yanayogombaniwa kuliko mengine.

Kisha tarehe 23 Juni 2022 ikaja hukumu ya shauri liitwalo Bruen, mahakimu sita kwa watatu. Jimbo la New York lilikuwa na sheria yenye asili ya mwaka 1911, ambayo kwa kuifuata mtu hakupewa cheti cha kuchukua bastola ya siri njiani ila athibitishe ana haja mahsusi kuliko watu wengine. Mahakama ikaibatilisha, na hakimu Clarence Thomas akaweka mizani mpya: kila katazo la silaha sharti lilingane na desturi ya zamani ya nchi katika kuzuia silaha. Katika mahali penye kuchungwa akataja mabaraza ya kutunga sheria, na mahali pa kupigia kura, na mahakama. Akasema pia ya kwamba haijuzu kukifanya kisiwa kizima cha Manhattan kuwa ni mahali penye kuchungwa kwa sababu tu kimejaa watu na polisi wakilinda.

Hapo ndipo ilipoingia taabu. Treni zipitazo chini ya ardhi hazikuwako mwaka 1791, wala bustani za kuonyeshea wanyama, wala hospitali za ghorofa ishirini. Basi hakimu wa leo ni kama kadhi anayeulizwa hukumu ya simu, naye ameamrishwa asifungue ila vitabu vilivyoandikwa kabla ya simu: hatakosa kiyasi, lakini kila kadhi atakuja na kiyasi chake. Mahakama yenyewe mwaka 2024, katika shauri la Rahimi, mahakimu wanane kwa mmoja, ililegeza kidogo, ikasema haitafutwi sheria ya zamani iliyo pacha wa sheria ya leo, bali watafutwe msingi wake. Kulegeza huko hakukumaliza ugomvi.

Sasa tuingie katika milango yenyewe. Ya kwanza ni milango ya serikali, na hiyo ni miepesi kufahamika.

Serikali kuu ya Marekani imekataza silaha katika kila jengo ililolimiliki au kulikodi ambalo wafanyakazi wake hukaa ndani kwa kazi zao. Anayeingia nayo kwa kujua aweza kufungwa mpaka mwaka 1. Na ikiwa jengo ni mahakama ya serikali kuu, mpaka miaka 2. Na ikiwa alikusudia kuitumia katika uhalifu, mpaka miaka 5. Cheti cha jimbo hakimwokoi. Walakini katika sheria hiyo hiyo limo sharti ambalo wengi hawalijui, nalo ni zuri: tangazo la katazo lazima libandikwe waziwazi katika kila mlango wa kuingilia watu, na lisipobandikwa, mtu hahukumiwi kwa kuingia na silaha, ila ikithibitika ya kuwa alijua kwa njia nyingine. Yaani hatta serikali, pamoja na nguvu zake zote, haimtii mtu kifungoni kwa jambo hili kabla ya kumwambia.

Juu ya skuli iko sheria ya mwaka 1990. Mahakama ya Juu iliibatilisha mwaka 1995 kwa sababu Bunge lilikuwa limepita mipaka ya mamlaka yake, nalo likaitunga upya mwaka 1996. Katazo lake lafika futi 1,000 kutoka kwenye uwanja wa skuli, ila waliopewa leseni na jimbo lenyewe wametolewa katika hukumu ya sheria hiyo. Nayo majimbo mengi yana makatazo yao zaidi ya hayo.

Viwanja vya ndege vyataka kutajwa peke yake, kwani hapo ndipo wageni na wenyeji hunaswa. Mwaka 2023 wakaguzi wa serikali walizikuta silaha 6,737 katika mizigo ya mkononi ya abiria, na katika kila mia moja, 93 au karibu yake zilikuwa na risasi ndani. Udhuru unaosikiwa sana ni mmoja: nilisahau. Tuzingatie neno hili. Mtu aliyezoea kubeba bastola kila siku huiona kama saa yake ya mkononi, na kitu kilichozoewa husahauliwa. Kiwanja cha ndege kina mashine za kumkumbusha. Duka la mkate halina. Faini ya kusahau huku mwaka ule iliweza kufika karibu na dola 15,000, mbali na mashtaka ya jimbo.

Ama milango ya maduka na mikahawa na maofisi ya watu binafsi, habari yake ni ndefu, kwani hapo mwenye amri si mtawala bali ni mwenye mali. Hapana mahakama huko iliyosema ya kwamba haki ya silaha yamlazimisha mwenye duka kumpokea mwenye bastola. Duka ni lake. Akitaka humkataza, na aliyekatazwa akikaa amekuwa mvamizi wa mali ya mtu. Hapa wote wamekubaliana. Walipokhitilafiana ni katika namna ya kukataza, na katika hukumu ya aliyenyamaza.

Tuchukue Texas. Jimbo hili lilikuwa kali tangu zamani: sheria yake ya mwaka 1870 ilikataza silaha makanisani, na skuli, na katika kumbi za ngoma, na mahali pa uchaguzi. Mwaka 1995 ilitungwa sheria ya kutoa leseni za bastola za siri, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 1996. Na tangu tarehe 1 Septemba 2021 wengi wanaoruhusiwa kumiliki bastola hawahitaji leseni kuichukua. Mwenye duka asiyetaka bastola ya siri ya mwenye leseni sharti abandike tangazo ambalo watu huliita kwa nambari ya kifungu chake, thelathini nukta sifuri sita. Maneno yake yameandikwa na sheria yenyewe, asiongeze wala asipunguze. Sharti yawe kwa Kiingereza na kwa Kispaniola. Herufi zake ziwe kubwa, kimo chake si chini ya inchi 1. Rangi ya maandishi ipingane na rangi ya kibao. Na kiwekwe mahali ambapo kila aingiaye hukiona. Silaha ya dhahiri ina tangazo jingine, la nambari sifuri saba, na asiye na leseni ana tangazo la tatu. Kwa hiyo utaona mlango wa duka dogo umefunikwa kwa maandishi hatta bei ya mayai haionekani. Na pahali pauzapo ulevi wa kunywewa papo hapo, ikiwa nusu ya pato lake na zaidi yatokana na ulevi huo, lazima pawe na kibao chenye tarakimu nyekundu za 51 kwa mia. Hapo katazo ni la sheria yenyewe, si la mwenye baa, na kosa lake ni zito zaidi. Hekima yake haihitaji sherehe.

Anayelipita tangazo la sifuri sita na bastola yake faini yake haizidi dola 200. Lakini akiisha kuingia, akaambiwa kwa mdomo atoke, naye akakataa, kosa limepanda daraja: kifungo mpaka mwaka 1, na faini mpaka dola 4,000. Zingatia hapa namna sheria inavyoupima ulimi wa mwenye mali kuwa na nguvu kuliko kibao chake.

Minnesota nayo, kwa sheria ya mwaka 2003, imeingia katika vipimo hatta imefika kutaja umbo la herufi: ziwe nyeusi, kimo chake inchi moja na nusu, tangazo liwe ndani ya futi 4 za mlango, na chini yake pawe baina ya futi 4 na futi 6 kutoka ardhini. Na aliyekatazwa akikataa kutoka, faini yake ya mara ya kwanza haizidi dola 25, wala silaha yake haichukuliwi. Kuna watakaocheka, waseme faini ya dola 25 ni bei ya chakula cha mchana. Twasema: ni kweli, na kibao cha namna hii hakikuwekwa kumzuia muuaji. Muuaji hasomi vibao. Kimewekwa kwa ajili ya mtu wa kawaida, mwenye kufuata sheria, ambaye bastola yake yaweza kuanguka chooni, au ikaokotwa na mtoto katika mkoba, au mkono wake ukaitafuta siku ya kugombea zamu ya kulipa. Watu hawa ni wengi kuliko wauaji, nao husoma.

Na kwa nini sheria ikapima herufi kwa inchi? Kwa sababu yataka kumgeuza mtu kuwa mkosaji kwa kuingia mlango ambao jana alikuwa mgeni wake mwema. Basi haifai awe amekosea kwa kibao kilichofichwa nyuma ya jani la mgomba. Hukumu bila ya onyo ni dhulma, na hili mafakihi wetu hawalikatai.

Lakini ombi si katazo. Mkuu wa kampuni ya Starbucks, mwezi wa Septemba 2013, aliandika barua ya wazi akiwaomba wateja wasilete silaha mikahawani mwake, akasema wazi ya kwamba haikatazi, wala watumishi wake hawatawafukuza watakaokuja nazo. Alichelea kumtia kijana anayemimina kahawa katika mzozo na mtu mwenye bastola. Na kuchelea huku ni kwa haki, kwani mwenye kuandika kibao hukaa ofisini, na anayeulizwa mlangoni ni mtumishi wa mshahara mdogo.

Twafika sasa kwenye kiini cha somo. Mwenye duka hakubandika kitu wala hakusema kitu. Je, kimya chake ni ruhusa, au ni katazo?

Katika majimbo mengi, na Texas ni moja yao, kimya ni ruhusa: amefungua mlango, hakukataza, basi aingie mtu na kilicho naye. New York, baada ya kushindwa katika shauri la Bruen, ilitunga sheria mpya iliyoanza tarehe 1 Septemba 2022, ikataja mahali pengi penye kuchungwa, hatta uwanja wa Times Square, na maktaba, na hospitali, na nyumba za ibada. Kisha ikasema kila mali ya mtu binafsi imekatazwa silaha, illa mwenyewe aruhusu kwa tangazo au kwa maneno. Hawaii ikafuata mwaka 2023. Yaani kimya kimegeuzwa kuwa katazo, na mzigo wa kuuliza umetolewa mabegani mwa mwenye duka ukawekwa mabegani mwa mwenye bastola.

Mahakama zikapambana. Mahakama ya rufani ya serikali kuu iliyoko New York iliizuia sehemu hiyo kwa maduka na mahali palipo wazi kwa watu wote, mwezi wa Desemba 2023, ikarudia hukumu hiyo Oktoba 2024. Mahakama ya rufani ya magharibi, mwezi wa Septemba 2024, ikaithibitisha sheria ya Hawaii. Ila ya California, iliyofanana nayo, ikaikataa, kwa sababu ilimtaka mwenye duka aruhusu kwa tangazo la kipimo maalumu tu, haikukubali neno la mdomo. Mahakimu waliokubali waliegemea sheria mbili za kale, moja ya New Jersey ya mwaka 1771 na moja ya Louisiana ya mwaka 1865. Wapinzani wakajibu ya kwamba ile ya kwanza ilikuwa ni ya kuzuia watu kuwinda mashambani mwa wenyewe, na ya pili ilitungwa pamoja na sheria za kuwabana watu weusi waliotoka utumwani karibuni, wasipate silaha wala uhuru wa kwenda. Hoja hii ya pili ni nzito, na mtu wa pwani aijuaye tarikh ya utumwa hataipita haraka haraka: katazo laweza kuwa jema kwa dhahiri yake, na aliyelitunga akawa na nia mbovu. Mahakama ya Juu, mwezi wa Oktoba 2025, ilikubali kulisikiliza shauri hilo la Hawaii.

Na katika elimu yetu mas'ala haya si mageni. Qur'ani katika Suratun-Nur imekataza kuingia nyumba za watu bila ya idhini, kisha ikaondoa lawama kwa nyumba zisizokaliwa ambazo ndani yake mna manufaa kwa watu. Na baadhi ya wafasiri walisema hizo ni kama maduka na nyumba za wasafiri, kwani mwenye kufungua duka ameisha kutoa idhini kwa kufungua. Na mafakihi wana kanuni mashuhuri, ambayo dola ya Kiothmani iliitia katika Majalla kuwa ni kifungu cha 67. Nusu yake ya kwanza yasema ya kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Na nusu yake ya pili yasema ya kwamba kunyamaza mahali panapopasa kusema ni kusema. Hawaii, bila ya kujua, imeshika nusu ya kwanza, na Texas nusu ya pili.

Sisi rai yetu, na kila mtu ana yake, ni kwamba idhini ya kufungua duka ni idhini ya kufanya kile ambacho duka limefunguliwa kwa ajili yake. Aliyefungua duka la nguo ameruhusu watu waingie, watazame, wapatane bei, watoke. Hakuwaruhusu wafanye kila lisilotajwa katika kibao. Na kitu ambacho mwenye duka hakioni hakuweza kukinyamazia, kwani kunyamaza huwa baada ya kujua. Na hii ndiyo tofauti ya bastola ya siri na jambia la kiunoni. Mwenye jambia akiingia, muuzaji amemwona, na asiposema kitu ameridhia. Mwenye bastola chini ya koti ameingia na jambo ambalo muuzaji hakupewa nafasi ya kuliridhia wala kulikataa.

Lakini tusiwadhulumu wenye rai nyingine, kwani wana kisa kizito. Tarehe 16 Oktoba 1991, katika mkahawa wa Luby's mjini Killeen, Texas, mtu mmoja aliingia kwa gari lake akavunja dirisha, akaua watu 23. Alikuwamo mama mmoja, Suzanna Hupp, pamoja na baba yake na mama yake. Bastola yake alikuwa ameiacha ndani ya gari, kwa kutii sheria ya jimbo wakati ule. Wazazi wake wote wawili waliuawa, naye akanusurika. Mwaka 1996 alichaguliwa katika baraza la kutunga sheria la Texas, na maisha yake yote ya siasa alikuwa akisema ya kwamba sheria ile ilimlinda muuaji tu. Hapana mwenye moyo atakayeyasikia haya akayapuuza. Jawabu letu ni kwamba kisa hiki chabainisha milango miwili ambayo watu huichanganya. Mlango wa mahakama una askari na mashine. Anayekuacha uingie bila ya silaha amejidhamini kwamba na wengine hawanazo. Mlango wa mkahawa una karatasi tu. Umekutaka uache silaha, wala haukukudhamini kitu. Mahakimu wengine wa Marekani na wanazuoni wao wameitaka tofauti hii izingatiwe, ya kwamba serikali ikimnyang'anya mtu ulinzi wake mahali fulani yaipasa imlinde. Nasi twaona wamesema haki kwa upande wa serikali. Ama mwenye mkahawa hana deni hilo, kwani asiyeridhika na karatasi yake aweza kula mkahawa mwingine, na asiyeridhika na mahakama hana mahakama nyingine ya kwenda.

Limebaki la nyumba za ibada, na hili lawahusu ndugu zetu wa huko moja kwa moja. Tangu tarehe 15 Machi 2019, siku Waislamu 51 walipouawa katika misikiti miwili ya Christchurch, New Zealand, kila kamati ya msikiti katika nchi za magharibi imejiuliza juu ya mlango wake. New York ilikataza silaha katika nyumba zote za ibada. Wachungaji wa makanisa wakashitaki, na mwaka 2023 sheria ikarekebishwa, wakaruhusiwa waliopewa kazi ya ulinzi wa nyumba hizo. Texas, kwa sheria iliyoanza tarehe 1 Septemba 2019, iliweka wazi ya kwamba nyumba ya ibada ni kama mali nyingine: yaruhusiwa mpaka wenyewe wakataze. Tarehe 29 Desemba ya mwaka huo huo, katika kanisa moja la White Settlement karibu na Fort Worth, mtu aliwaua waumini wawili kwa bunduki, na mlinzi wa kujitolea akamwua yeye, yote hayo yakatukia katika sekunde 6. Waliosema silaha iingie walikishika kisa hiki. Ila kisisahauliwe kwamba yule alikuwa mlinzi aliyewekwa na kufunzwa, hakuwa kila mwenye kusali na bastola yake.

Basi kamati ya msikiti ulioko Texas ina njia ya katikati: kuwakataza wote kwa tangazo, na kuwaruhusu kwa majina wale iliowachagua kulinda. Lakini iangalie namna inavyoliandika. Tangazo la Kiarabu kwa khati ya thuluthi, hatta likiwa zuri namna gani, wala tangazo la Kiswahili, halimlazimishi mwenye leseni kitu mbele ya hakimu wa Texas, ikiwa maneno yale ya sheria hayapo kwa Kiingereza na Kispaniola, kwa herufi za inchi 1, mahali panapoonekana. Na kama kibao hakijafika kutoka kwa fundi, msimamizi asimame mlangoni siku ya Ijumaa, amwambie mwenye bastola kwa mdomo na mbele ya mashahidi ya kwamba haruhusiwi nayo. Kwani akiisha kuambiwa hivyo na akakataa kutoka, kosa lake si la dola 200 tena.